Nyumba ya Wazee na Etaji ya Leo



Katika namba hii tunataka kusema juu ya jambo ambalo watu wanalizungumza kila Jumapili chini ya mwembe baada ya ibada. Mji wetu wa Lubumbashi unabomolewa na kujengwa. Ukipita katika avenyu za katikati ya mji, pale ulipozoea kuona nyumba ya chini yenye baraza pana, unakuta pamezungushwa manjanja na ndani watu wanachimba msingi. Ukirudi baada ya mwaka, ni etaji tatu au nne: chini magazini, juu ofisi. Hata huku kwetu Kamalondo, Kenya na Katuba, mambo ni hayo hayo. Wengine wanafurahi, wanasema mji unaendelea. Wengine wanasikitika, wanasema mji unapotea. Sisi tunauliza swali moja tu: mtu anayebomoa kitu ambacho hakukijenga yeye, na wale waliokijenga wamekwisha kufa, atajibu mbele ya nani?

Msifikiri tunauliza kwa sababu ya nyumba za wengine. Swali hili limeingia ndani ya parseli ya kanisa letu wenyewe. Tutafika huko.

Tukumbushane kwanza mji huu ulivyojengwa, maana vijana wengi hawaambiwi. Ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba, na watu wakaletwa kazini kutoka pande nyingi: Kasai, Rodezia ya Kaskazini, na baadaye Rwanda na Burundi. Wazungu walikaa upande wao, katika avenyu zilizonyooka zenye miti. Waafrika waliwekwa upande mwingine, katika Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Katikati ya pande hizo mbili paliachwa eneo tupu la mamia ya mita, makusudi. Wakubwa wa wakati ule walieleza kwamba ni kwa sababu ya malaria, ili mbu wa kwa Mwafrika asifike kwa mzungu. (Na boyi aliyelala nyuma ya nyumba ya bwana wake, mbu wake walikuwa na ruhusa?) Katuba na Ruashi zilikuja baadaye, miaka ya 1950. Kule Katuba wazee wetu walipewa viwanja na mkopo wa vifaa, na wengi wao walijijengea jioni, baada ya kutoka kazini.

Kwa hiyo tuna nyumba za zamani za namna mbili. Kuna zile za mji wa wazungu: kanisa kuu la Petro na Paulo lililosimama tangu miaka ya 1920, na Jengo la 30 Juni, lililojengwa miaka ya 1950 kuwa teatro na baadaye likapewa kazi ya kuwakusanya wabunge wa jimbo. Hizo wageni wanazipiga foto, na wenye elimu wanaziandikia vitabu. Na kuna zile za cité: vyumba viwili, matofali, choo nje, mwembe mmoja. Hizo hakuna anayezisemea. Tukisema ukweli, sisi wenyewe tunazionea haya. Mtoto akipata feza kidogo, kitu cha kwanza anabomoa nyumba ya baba yake, na majirani wanamsifu.

Kijana mmoja wa kwaya alituambia neno ambalo hatuwezi kulipita. Alisema: «Papa Shemasi, hizo nyumba za mji, wazungu walizijenga kwa jasho letu na wakatukataza kuzilala. Kwa nini tuzililie? Zibomolewe zote.» Neno hili lina nguvu. Tulikaa nalo siku nyingi.

Lakini tuangalie. Nabii Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akahukumiwa kufa, na hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa katika mji huu wetu miaka 30, akafa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Mwaka 1960 mabaki yake yalirudishwa Nkamba. Sasa, ukuta wa gereza la namna ile haukujengwa na rafiki. Haukujengwa kwa upendo. Lakini nani kati yetu angesema ubomolewe ili tusahau? Yule aliyeujenga ndiye angefurahi kwanza! Ukuta kama huo unasema juu ya mjengaji wake maneno ambayo yeye mwenyewe hakutaka yasemwe. Ni hivyo hivyo na lile eneo tupu la katikati ya mji. Lilipojazwa majengo, hakuna mtu aliyebakisha hata jiwe moja la kuonyesha lilianzia wapi na kuishia wapi. Leo tukiwaambia watoto kwamba baba zao walitengwa na wazungu kwa mamia ya mita za majani, wanatuangalia kama watu wanaosimulia hadithi ya sungura.

Yoshua alipovusha watu Yordani, aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe mtoni na kusimamishwa Gilgali. Hayakuwa mawe mazuri. Kazi yao ilikuwa kumfanya mtoto aulize, na baba awe na la kujibu. Kwa hiyo tunamjibu kijana wetu: hatulilii nyumba ya mzungu kwa sababu ni nzuri. Tunataka mtoto wako aulize kwa nini baraza ile ilikuwa pana hivyo, na kwa nini chumba cha boyi kule nyuma kilikuwa na dirisha dogo kama la banda la kuku.

Lakini tusigeuke kuwa watu wa kuabudu matofali. Maandiko yanatuonyesha upande mwingine pia. Ile nyoka ya shaba ambayo Musa mwenyewe aliitengeneza jangwani, mfalme Hezekia aliivunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wanaifukizia uvumba. Ilikuwa ya zamani sana, na mkono uliyoitengeneza ulikuwa wa nabii, na bado Hezekia alifanya vyema. Kwa hiyo uzee wa kitu peke yake hautoshi kukiokoa. Nyumba ambayo paa lake linaweza kuangukia watoto, usiwaambie wenyewe waitunze kwa ajili ya historia huku wewe unalala chini ya saruji. Tumewasikia watu wa namna hiyo. Wanapenda umaskini wa wengine, kwa sababu unapendeza kwenye foto.

Na tusiwe wepesi kusema kitu fulani hakina faida. Kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, wazee wetu walikiona kama takataka za Union Minière. Tangu miaka ya 2000 kilianza kuchimbwa na kuyeyushwa tena, kwa sababu ndani yake mna kobalti.

Sasa tunafika kwenye neno linalosemwa kila siku: «Parseli ni yangu, nina karatasi, nitafanya ninavyotaka.» Wandugu, hata sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Wewe unapewa haki ya kuutumia. Na tangu tarehe 15 Machi 1971 kuna sheria ya kulinda mali za utamaduni, ingawa ukiitaja mbele ya mwenye katapila atakucheka. Katika Mambo ya Walawi, Mungu aliwaambia Waisraeli neno la namna moja: ardhi ni yake, wao ni wageni na wapangaji kwake. Sisi ambao ni wapangaji wa Mungu, tunawafukuzaje wapangaji wetu kama mavumbi?

Maana jambo hili la wapangaji ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wanaojenga etaji wanawatoa watu. Lakini hata wanaotunza nyumba za zamani wanaweza kuwatoa: nyumba inapakwa rangi, inawekwa kibao, inakuwa hoteli, na mama aliyekaanga mikate pale barazani miaka 20 hawezi tena kulipa. Huyo wa pili hana haki zaidi ya wa kwanza. Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi ili apande mboga tu, na alitoa bei nzuri. Tena alitoa shamba lingine bora kuliko lile! Nabothi hakukataa kwa sababu ya bei. Alikataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Ahabu hakuelewa, akaenda kulala na kugeuza uso wake, akakataa chakula. Mambo yaliyofuata mnayajua.

Basi tuseme juu yetu. Wote mnakijua chumba cha nyuma. Ni kile kidogo kilicho nyuma ya kanisa, karibu na nyumba za wapangaji, ambamo siku hizi tunaweka viti vilivyovunjika na ngoma. Humo wazee wetu walikuwa wakisali usiku kabla ya Uhuru, wakati sala za manabii zilipokuwa zimekatazwa. Dirisha la upande wa avenyu walilijaza matofali ili wimbo usitoke nje. Alama yake inaonekana hadi leo.

Kanisa letu la mbele limekuwa dogo. Hilo ni kweli, na asibishe mtu. Mvua ikinyesha, watoto wa masomo ya Jumapili wanasimama chini ya manjanja ya jirani. Wamama wenye watoto wachanga wanasikiliza mahubiri kutoka nje. Basi mfanyabiashara mmoja alikuja mwezi wa pili na pendekezo: tumpe upande wa mbele, unaoangalia avenyu, ajenge etaji tatu za magazini; yeye atatujengea nyuma yake jumba la watu 800, lenye saruji chini na umeme. Chumba cha nyuma kitaondoka. Nyumba tatu za wapangaji zitaondoka, na mmoja wao ni mjane.

Sisi mashemasi tulikaa, tukasali, tukasaini. Haikufika saa moja. Tunaungama hapa mbele yenu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya chumba, wala juu ya wapangaji. Tuliuliza juu ya umeme.

Jumapili iliyofuata, Mama Mzee mmoja, ambaye wakati wa ujana wake alikuwa akiwekwa kwenye kizingiti cha chumba kile ili akiona polisi akohoe, alitusubiri hadi watu wakaisha. Hakutukaripia. Aliuliza tu: «Wanangu, ule mlango wa nyuma mtauweka wapi?» Tuliangaliana. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna jibu zuri.

Tulimwita fundi apime. Chumba kina mita nne kwa tatu. Matofali ni ya kuchoma na bado yana nguvu. Mbao za paa zimeliwa na mchwa na lazima zitoke. Fundi anasema inawezekana kukiacha mahali pake, na jumba jipya likizunguke, kiwe chumba cha wazee ndani ya jumba. Tutapoteza mistari miwili ya viti, ni kama watu 40. Mfanyabiashara anasema pulani ikibadilika, na mapatano yanabadilika, na etaji yake ataitaka iongezwe moja. Kati yetu wengine wanasema watu 40 ni roho 40, na roho ni zaidi ya matofali. Wengine wanajibu kwamba hao 40 wasingekuwepo kama wazee hawangesali mle ndani. Sisi tunaoandika tunaelekea upande huu wa pili, lakini tunakiri kwamba hatusimami nje na mtoto mgongoni wakati wa mvua.

Katika kitabu cha Ezra, msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, vijana walipiga kelele za furaha. Wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao walilia kwa sauti kubwa. Na watu hawakuweza kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi mwezi huu. Hatuoni mahali palipoandikwa kwamba mtu fulani aliwanyamazisha wazee ili sherehe iendelee.

Karatasi tuliyosaini bado haijapelekwa ofisini. Mkutano wa waaminifu wote utakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, mara baada ya ibada, ndani ya kanisa, na mvua ikinyesha wamama wenye watoto ndio watakaokaa ndani. Fundi atakuwepo na vipimo vyake. Mwenye foto ya zamani ya parseli hii ailete, hata kama imepasuka. Wapangaji watatu wamealikwa, na tumekubaliana kwamba watasema kwanza, kabla ya mashemasi.