Uhaba Haukutufundisha Kutosheka

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Anayeamini kwamba tamaa hupandwa na matangazo angetarajia kuwa kabla ya hapo tulikuwa watu wa kuridhika. Amuulize basi aliyepanga foleni ya sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mche wa sabuni ulifichwa uvunguni kama dhahabu, dawa ya meno ilivushwa mpakani kwa magendo, na msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983 kuna waliotupa bidhaa usiku wasije wakakutwa nazo. Hakuna bango lililowafundisha kuzitamani.

Asiyenunua kwa sababu rafu ni tupu hajachagua chochote. Kuishi kwa kiasi huanza pale kitu kipo, pesa ipo, nawe ukapita. Ndiyo maana hukereka nikimsikia mwenye magari mawili akimhubiria mpangaji wa chumba kimoja abane matumizi. Azimio la Arusha la 1967, tamko la ujamaa na kujitegemea, lilikuwa na busara hapo: masharti ya kutokuwa na mishahara miwili, hisa wala nyumba za kupangisha lilimwekea kiongozi. Mwaka 1991, katika kikao cha chama tawala huko Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa, na sidhani kama kuna tangazo la biashara lililohusika.

Matangazo yana lawama nyingine. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitenga tamaa zenye kikomo na zisizo nacho: njaa hushiba, kutaka sifa hakushibi. Kazi ya tangazo ni kuichukua haja yenye kikomo na kuking'oa kikomo chake. Simu ya kupigia na kutumia pesa ikishapatikana, imetosha. Bango linauza ile yenye kamera tatu, mkononi mwa kijana anayecheka. Fundi viatu anaichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Mvua inanyesha, wateja hawaji, malipo yanakosekana, simu inajifunga. Ameishika, inang'aa, haimtii. Anaazima kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha muuza mihogo, kimekazwa kwa mpira betri isidondoke, ampigie mkewe.

Wapo watakaosema ajilaumu, kwani nani alimlazimisha? Hakuna, ni kweli. Lakini angalau tukubali kwamba hakuwahi kuonyeshwa simu mbili ndipo achague. Kitochi hakina bango popote mjini.