Uso wa Mfalme na Mkono wa Mnakili: Suala la Ukweli katika Picha za Kunakiliwa

Picha za makabaila wa Ulaya wa kipindi cha Baroko, yaani karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, zingali zikichorwa. Hazibuniwi upya, hunakiliwa kwa mkono, kwa rangi za mafuta, na kuuzwa kwa watu wasio na nasaba yoyote na waliochorwa. Makala haya yanakusudia kujadili swali la kimaadili linalotokana na biashara hiyo. Je, nakala ya namna hii ni uongo? Na ikiwa ni uongo, msemaji wake ni nani: aliyeichora, aliyeiuza, au aliyeitundika ukutani?

Hoja kongwe dhidi ya mnakili inaweza kujengwa juu ya msingi aliouweka Plato. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anadai kwamba kitanda cha kweli ni kile cha ulimwengu wa dhana. Seremala hukiiga hicho, naye mchoraji huiga kazi ya seremala. Kwa hesabu hiyo, anayeinakili picha amesimama mbali zaidi na ukweli kuliko wote. Hoja hii ina uzito, lakini inachukulia kwamba picha ya asili ilikusudia kueleza ukweli wa mtu aliyechorwa. Historia ya picha za kifalme haiungi mkono dhana hiyo.

Mfano ulio wazi ni picha ya Louis XIV wa Ufaransa iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Mfalme alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 60. Uso ni wa mzee, ila miguu inayojitokeza chini ya joho la manyoya, juu ya visigino vyekundu, ni ya kijana mcheza dansi. Picha hiyo ilikusudiwa kuwa zawadi kwa mjukuu wake, Felipe V wa Uhispania. Ilipokamilika, mfalme aliipenda mno akabaki nayo, akaagiza nakala. Leo picha ya asili imo katika jumba la Louvre, na nakala iliyotoka katika karakana hiyohiyo imo Versailles. Ni dhahiri basi kwamba nakala haikuja baadaye kuichafua asili. Ilizaliwa pamoja nayo. Picha ya mtawala ilikuwa kama muhuri: kazi yake ilikuwa kumfikisha mtawala mahali ambapo mwili wake haukufika.

Aidha, hata neno "asili" lahitaji kupimwa. Rigaud aliajiri wasaidizi waliochora mavazi na mapambo, na waliotoa nakala za kazi zake. Daftari lake la hesabu limehifadhi majina yao na malipo waliyopewa. Hata hivyo, kwa watazamaji wengi jina linalojulikana ni moja tu. Linganisha hali hiyo na ile ya Dafen, kijiji kilicho Shenzhen nchini Uchina, ambacho tangu mwaka 1989 kimejulikana kwa nakala za picha za Ulaya zinazochorwa kwa mkono. Mgawanyo wa kazi uleule unaoheshimiwa kama desturi ya karakana huko Paris hubezwa unapotokea Dafen, ukaitwa kazi ya kiwanda. Tofauti inayotajwa hapo si ya mkono, bali ni ya hadhi ya mwenye mkono. Usione vyaelea, vimeundwa. Na mwundaji ana haki ya kutajwa.

Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba nakala ya picha si sawa na nakala ya utungo. Nelson Goodman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1968, alibainisha kuwa nakala sahihi ya shairi ni shairi lenyewe, ilhali nakala ya picha, hata ikilandana nayo kabisa, haiwi picha ile. Utenzi ulionakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu haupungui utenzi kwa sababu mkono uliouandika si wa mtunzi. Picha, kinyume chake, imefungamana na historia ya kutengenezwa kwake. Kwa hiyo kosa, pale linapokuwapo, halimo katika rangi wala katika kufanana. Limo katika kuidanganyia picha historia isiyo yake.

Kutokana na msingi huu, mnunuzi naye anaweza kuhukumiwa kwa haki. Anayetundika nakala ya kabaila kwa kuwa anaipenda hariri iliyochorwa kwa ustadi hajamdhulumu mtu. Anayeitundika ili wageni wadhani kwamba huyo ni babu yake amefanya jambo jingine. Mkataa kwao mtumwa, na huyu amewakataa wazee wake halisi kwa kuwapa wageni nafasi yao ukutani. Huenda akajitetea kwamba hata Louis XIV aliazima miguu. Utetezi huo haufui dafu, kwa maana uongo wa mkubwa haumhalalishii mdogo uongo wake.

Mtu anaweza kupendekeza kwamba inatosha mwenye picha kusema kweli anapoulizwa. Lakini mwenye picha hufa, picha ikabaki, na warithi wasijue la kujibu. Ukweli wa nakala hauna budi kukaa ndani ya nakala yenyewe. Utaratibu wa Louvre unatoa funzo hapa: wanaonakili humo hawaruhusiwi kutumia kitambaa chenye ukubwa sawa na wa picha ya asili. Hivyo vipimo vyenyewe husema kweli hata pale mwenye mali anaponyamaza.

Lakini vipimo hukiri tu kwamba kitu ni nakala. Havisemi ni ya nani. Jina la kabaila limelindwa kwa karne tatu, na jina la Rigaud pia. Anayeendelea kufichwa ni yule aliyesimama mbele ya kitambaa akaichora upya kila nyuzi ya joho lile. Jina lake likiandikwa nyuma ya picha, pamoja na mwaka na mahali, nakala haitakuwa uongo tena. Itakuwa kazi ya mtu anayejulikana, kuhusu kazi ya mtu mwingine anayejulikana.