Kuutawala Moyo na Kuuteka Mji

Kitabu cha Mithali katika Biblia humweka mvumilivu juu ya askari hodari, na aitawalaye nafsi yake juu ya mtekaji wa mji. Hukumu hii yaweza kumshangaza kijana. Mji una kuta na walinzi. Hasira haina hata kimoja. Yawezekanaje basi kuishinda hasira kuwe kazi kubwa zaidi?

Na tuipime hekima hii kwa historia ya pwani yetu. Mwaka 1505 jemadari wa Kireno, Francisco de Almeida, aliiteka Kilwa, kisha akaiteka Mombasa na kuitia moto. Mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenziwe wa Malindi habari za msiba ule. Almeida akaenda Bara Hindi, akatawala huko kwa niaba ya mfalme wake. Mwaka 1510, alipokuwa akirejea kwao, merikebu zake zilitia nanga karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Baadhi ya mabaharia wake waligombana na Wakhoikhoi, wafugaji wa nchi ile, wakapigwa. Walirudi wamejaa ghadhabu, wakamshawishi awaongoze kulipa kisasi. Akakubali. Walivamia kijiji na kupora ng'ombe. Wenyeji wakawaandama hadi pwani, na huko Almeida akauawa pamoja na watu wake zaidi ya 50. Mikono iliyoteka miji miwili ilishindwa kuzuia hasira ya siku moja, tena hasira ya kuazima.

Labda msomaji atauliza: Je, mwenye subira si mwoga tu aliyejipamba kwa jina zuri? La. Mwoga hunyamaza kwa kuwa hathubutu. Mwenye subira huweza kutenda, lakini hungoja akili yake ihukumu kwanza. Akionewa, atadai haki yake, ila hatadai zaidi ya haki.

Katika Kiebrania, lugha ya Mithali, neno moja hutaja pua na hasira pia, na mvumilivu huitwa mrefu wa pua, kana kwamba ni mtu avutaye pumzi ndefu kabla ya kujibu. Wahenga wetu walifupisha wakasema: Hasira hasara. Hasira ni mjumbe. Huleta habari kuwa pana dhuluma. Mjumbe husikilizwa, lakini hapewi kiti cha mfalme.