Pete Isiyo na Pacha

Katika karne ya 19, misafara iliyokatiza Ugogo kati ya pwani na Tabora ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watemi wa huko walipokea bidhaa zinazofanana, lakini urembo uliotokana nazo haukufanana, kwa kuwa shanga za viwanda vya Venice zilipangwa upya na vidole vya Wagogo. Mapambo ya shingoni ya wanawake wapigao ngoma ya muheme yangali yanaonyesha hivyo. Ubunifu, basi, hautoki kwenye malighafi.

Anayejifunza kufua fedha Dodoma leo ataambiwa anapoteza muda, maana hereni za kiwandani zimejaa sokoni kwa bei ya soda. Kibiashara hoja hiyo ni nzito, nami siipingi. Ila inapima pete kama bidhaa tu, wakati aliyeifua alitafuta pia mahali pa kuweka wazo lake. Na gharama? Fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 962 hivi, na pete iliyoharibika hurudi kuwa waya. Masonara wa Zanzibar na Lamu waliyeyusha hata sarafu za fedha, riale za Maria Theresa, kutengeneza bangili. Anayekosea hupoteza jioni moja na gesi kidogo.