Urithi Usimuliwe kwa Lugha ya Walioujenga

Kiboko kinaweza kumnyamazisha mtoto kwa siku moja. Aibu humnyamazisha maisha yote, naye akikua huwarithisha wanawe bila kuambiwa na mtu. Hayo ndiyo yaliyokipata Kiskoti, lugha ya nyanda za chini za Uskoti, pwani yake ya kaskazini mashariki na visiwa vya Orkney na Shetland. Ni ndugu wa Kiingereza kwa asili, tofauti kabisa na Kigaeli cha milimani.

Zamani Kiskoti kilikuwa na heshima zake. Katika karne ya 15 na ya 16 sheria za bunge ziliandikwa kwa Kiskoti, na washairi wa ikulu walitunga kwa lugha hiyo. Yakaja Mageuzi ya kanisa ya mwaka 1560, na Biblia iliyoingia makanisani ikawa ya Kiingereza. Mwaka 1603 Mfalme James VI alihamia London kutawala Uskoti na Uingereza pamoja. Mwaka 1707 bunge nalo likahamia huko. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 ilipowaingiza watoto wote shuleni, walikuta Kiingereza ndiyo lugha ya darasa. Aliyejibu kwa lugha ya nyumbani aliweza kuonja mkanda wa ngozi wa mwalimu.

Vizazi vikakua vikiambiwa kwamba wanachozungumza ni Kiingereza kibovu. Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba taifa hilohilo, kila tarehe 25 Januari, hukaa mezani kumkumbuka Robert Burns, ambaye kitabu chake cha mashairi kilichapwa mjini Kilmarnock mwaka 1786. Mshairi alisifiwa, na mtoto aliyezungumza kama yeye akakaripiwa. Lugha iliruhusiwa kuwa pambo la sherehe, ikakatazwa kuwa lugha ya kuishi.

Ndiyo maana nayatazama kwa heshima kubwa yanayotendeka sasa kwenye mitandao ya kijamii. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, mshairi kijana Len Pennie alianza kuweka mtandaoni video za neno la Kiskoti kwa kila siku. Mwanzoni mwa 2021 shairi lake juu ya kuwalea watoto kwa lugha hiyo lilisambaa kwa kasi. Matusi yalimwandama, mengi yakiwa yaleyale ya darasani, kwamba hiyo si lugha. Hakuacha. Leo wapo walimu, wanamuziki na watu wa kawaida wanaosimulia historia ya vijiji vyao kwa Kiskoti, mbele ya yeyote mwenye simu.

Huenda mtu akauliza: kwani historia si ileile hata ikisimuliwa kwa Kiingereza? Mimi naona haiwi ileile. Wafikirie wanawake wa pwani ya kaskazini mashariki ya Uskoti waliofuata majahazi ya samaki aina ya heringi, kutoka Shetland hadi Great Yarmouth huko Uingereza, wakitumbua samaki na kuwapanga katika mapipa ya chumvi. Walivifunga vidole vyao vitambaa ili kisu kisiwakate na chumvi isiwachome. Maelezo ya Kiingereza sanifu yatakupa bei ya samaki na idadi ya mapipa. Lakini utani wao wakiwa kazini, majina waliyopeana na namna walivyolalamikia baridi, vyote vilikaa katika Kiskoti. Ukiwasimulia kwa lugha iliyowadharau, unaihifadhi kazi yao na kuwaacha wao nje ya mlango.

Waliotangulia walilijua hilo. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha idara ya kukusanya masimulizi na nyimbo za wenyeji. Mtafiti wake Hamish Henderson aliwaendea watu ambao wasomi hawakuwajali, wakiwemo Wasafiri, jamii iliyozoea kuhamahama. Huko Aberdeen, mwaka 1953, alikutana na Jeannie Robertson, mwanamke wa jamii hiyo aliyebeba kifuani hazina ya nyimbo za kale. Rekodi nyingi za idara hiyo sasa zinasikika bure katika hifadhi ya mtandaoni iitwayo Tobar an Dualchais. Sauti iliyodharauliwa mtaani imekuwa mali ya taifa.

Hata hivyo, mtandao hauna heshima kwa kumbukumbu. Mwaka 2020 iligundulika kuwa maelfu ya kurasa za Wikipedia ya Kiskoti zilikuwa zimeandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyebadilisha tahajia za maneno ya Kiingereza tu. Simlaumu sana; alianza akiwa mtoto, tena kwa mapenzi. Kilichoniuma ni kwamba ilichukua miaka mingi kabla ya watu wengi kushtuka. Wenye lugha wakikaa kimya, nafasi yao haibaki tupu. Hujazwa na yeyote mwenye muda, na dunia huamini alichoandika.

Katika sensa ya mwaka 2022, takriban watu milioni 1.5 nchini Uskoti walisema wanazungumza Kiskoti. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua rasmi pamoja na Kigaeli. Ni ushindi wa haki, na ulichelewa. Lakini sheria haiwezi kumsimulia mtoto jinsi bibi yake alivyofunga vidole vitambaa. Hiyo ni kazi ya aliyemsikia bibi.

Nasi Afrika Mashariki hatuko mbali na jambo hili. Wapo kati yetu waliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kuzungumza lugha ya mama, na leo wanaona haya kuizungumza mbele ya watoto wao. Msomaji wangu, kama una mzee nyumbani anayekumbuka jinsi mashua ilivyoundwa, shamba lilivyogawanywa au harusi ilivyoimbwa, muombe ridhaa umrekodi. Mwache aseme kwa lugha aliyolelewa nayo. Ukiweka masimulizi yake mtandaoni, andika jina lake kama atakavyo yeye, na usimsahihishe.