Mboga za Uani na Dharau Yetu kwa Jembe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaotesha kwayo kila namna ya mmea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu: leo twataka kunena juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni dogo mno kuandikiwa karatasi, nalo ni kupanda mboga na viungo katika nyua zetu. Lau lingekuwa dogo, lisingetufichulia ugonjwa mkubwa uliomo vifuani mwetu.

Siku moja, baada ya darsa yetu ya alasiri, mazungumzo yalifika kwenye ughali wa vitu sokoni. Kila mmoja alilalamika: fungu la mchicha limepungua, pilipili zahesabiwa moja moja, hata dania ya kutia katika mchuzi yataka kufikiriwa. Mmoja wetu akauliza, "Basi mbona hatupandi?" Kijana mmoja akajibu, "Baba yangu hakushika jembe, na babu yangu hakushika jembe. Mimi nikilishika leo, watu wa mtaa watasemaje?" Tulicheka, kisha tukaona haya, kwani kijana yule alisema wazi lile ambalo sisi wazee tumelificha.

Tusijidanganye, ndugu zetu. Dharau hii twaijua itokako. Zamani mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa, na mtu akahesabiwa mwungwana kwa kuwa mikono yake haishiki udongo. Hukumu ya utumwa iliondolewa katika pwani hii mwaka 1907. Watumwa wakapata uhuru wao, lakini sisi tuliobaki hatukujikomboa na fikira ile. Jembe tukaliona lina aibu, na kukopa dukani hatukukuona aibu.

Sasa na tuitazame mizani ya dini. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad habari ya Salman Alfarsi, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipokuwa mtumwa Madina. Bwana wake alikubali kumwacha huru kwa mitende 300 ya kupandwa na wakia 40 za dhahabu. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha Sahaba wamsaidie ndugu yao, wakaleta miche, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Salman akachimba mashimo. Kisha akaja Mtume mwenyewe, mbora wa viumbe, akaipanda miche ile kwa mkono wake mtukufu.

Fikirini vyema jambo hili. Mkono ule uliingia udongoni ili mtumwa awe huru. Nasi twaiepusha mikono yetu na udongo tusije tukadhaniwa watumwa! Ni nani basi mwungwana, na ni nani aliyefungwa?

Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea wowote, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi mengine ya Muslim, hata kilichoibwa humo ni sadaka kwake. Ni biashara gani hii ambayo hata mwizi hakutii hasara? Kwa hiyo hapana haja ya kuzika fingo wala kutundika hirizi kulinda miche michache ya bamia. Tieni ua wa miti mbuzi asipite, mtegemeeni Mola wenu, na yatoshe.

Wengine watasema, "Sisi twakaa mjini, hatuna ardhi." Twamjua bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake haina uwa, ila upenu mdogo wa nyuma. Ameweka hapo madebe saba mabovu, ameyatoboa chini maji yasitwame, akayajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na juu akafunika makumbi ya nazi ili unyevu usikauke upesi. Dania alipanda kwa mbegu zile zile za jikoni, akazipasua kidogo kwanza, na debe lake akaliweka penye kivuli, kwani dania haipendi jua kali. Nanaa na matembele alipanda kwa vipande vya mashina tu. Mchicha wake huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Maji ya kisima chake yana chumvi, kwa hivyo hukinga ya mvua za mwaka na za vuli, na pipa hulifunika lisizae mbu.

Bibi huyu, kila akichuma, hupeleka fungu kwa jirani yake, na jirani huyo ana mali kuliko yeye. Siku moja jirani alitaka kumlipa. Bibi akamwambia, "Mwanangu, mvua ni ya Mwenyezi Mungu, na mbegu alinipa mkeo. Nikuuzie nini?" Alotuhadithia haya ni jirani mwenyewe, na alipokuwa akisema hakuweza kututazama usoni. Mtume (S.A.W.) amemuusia Abu Dharri aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani. Mwenye madebe saba ameushika wasia huo, na mwenye nyumba ya ghorofa amebaki kupokea.

Tumeulizwa pia masuala matatu, nasi twajibu kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii. La kwanza, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi hayatoharishi tena, lakini yenyewe ni tohara. Basi yakingwe katika beseni, yanyweshewe mboga, kuliko kumwagwa bure. La pili, samadi ni najisi, lakini yajuzu kuitia katika udongo, na mmea uliootea humo ni tohara. Ila jani lililoguswa na najisi lioshwe kabla ya kuliwa. La tatu, mboga hazina zaka, kwani zaka ya nafaka ni katika vyakula vya kushibisha viwekwavyo akiba, kama mtama na mpunga. Lakini kutowajibika zaka hakufungi mlango wa sadaka.

Wala asije mtu, mchicha wake ukistawi, akasema, "Nimeuotesha mimi." Mwenyezi Mungu ametuuliza katika Sura ya Al-Waqia kuhusu hicho tukipandacho: ni sisi tukioteshao, au ni Yeye? Kazi yetu ni kutia mbegu na maji. Uhai hautoki kwetu. Na mtoto anayeiona mbegu ikipasua udongo mbele ya macho yake hufahamu habari ya kufufuliwa wafu kuliko kwa maneno yetu mengi.

Kwa hayo tumeafikiana katika darsa yetu, kila mmoja apande debe moja kabla ya mvua za vuli, na alipande kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa mtumishi, na aliweke pale ambapo wapitao watamwona akilinywesha. Nasi tunaoandika haya twaanza na nafsi zetu, kwani wengi wetu mikono yetu ingali safi mno. Fungu la kwanza litakalochumwa lisiingie chunguni kwetu. Lipelekwe kwa jirani.

Ewe Mola wetu, tutoe kiburi vifuani, utubarikie katika kazi ya mikono yetu. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum.