Mzuru Mji Aangalie Nini?

Ewe ndugu msomaji, mtu akiuzuru mji wa ugenini, macho yake ayaelekeze wapi: kwenye mawe au kwa watu? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo la dini na la utu.

Chukua mfano wa Mazara del Vallo, mji wa wavuvi katika kisiwa cha Sicily, nchi ya Italia. Karibu na hapo ndipo waliposhuka Waislamu mwaka 827, wakitoka Ifriqiya, ambayo leo ni Tunisia, wakiongozwa na kadhi wa Qayrawan, Asad bin al-Furat, mwanachuoni mkubwa wa fiqhi. Utawala wao mjini humo ulidumu hata Wanormani walipouteka mwaka 1072. Mtaa wa kale, wenye vichochoro vyembamba, ungali ukiitwa Kasbah.

Muislamu akipita humo huenda akatuna kifua: "Sisi tulitawala hapa!" Ndugu yangu, wewe ulitawala lini? Waliopita wana malipo ya kazi yao. Sisi tutaulizwa yetu.

Sasa shuka bandarini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Watunisia, wengi wao watu wa Mahdia, walivuka bahari hiyo hiyo, safari hii si kwa panga bali kwa kutafuta riziki, wakaajiriwa katika vyombo vya Mazara. Chomboni Muislamu na Mkristo huvuta wavu mmoja, na dhoruba ikija haimuulizi mtu dini yake.

Tarehe 1 Septemba 2020, vyombo viwili vya mji huo vilikamatwa na vikosi vya Haftar wa mashariki ya Libya, kwa madai kwamba vimevua katika maji ya Libya. Wavuvi 18 wakazuiliwa Benghazi: Wataliani, Watunisia, Wasenegali na Waindonesia. Jamaa zao wakapiga kambi Roma mbele ya Bunge, wakidai waachiwe. Baada ya siku 108 wote waliachiwa, wakarudi kwa vyombo vyao. Je, mama aliyekuwa akimngoja mwanawe, machozi yake yalikuwa ya dini gani?

Mtu atasema: "Basi tuisahau tarikh?" La, hasha! Tuisome. Lakini tarikh isomwayo kwa majivuno huzaa uvivu, na isomwayo kwa mazingatio huzaa amali. Haki ya jirani haikufungwa kwa Muislamu peke yake. Na ni jirani gani aliye karibu kuliko mliyeshika naye kamba moja?

Wewe ukaaye Lamu au Unguja wajua uchungu wa mgeni asifiaye mlango wa nakshi, wala asimsalimie aliyeketi barazani. Basi usimtende mwenzio hivyo. Uingiapo mji wa watu, anza kwa salamu, kuta zitakungoja.

Wallahu aalam.